Sahani ya Asiyekuwepo

Nilikodi meza kwenye maonyesho ya hoteli na migahawa pale Vwawa kwa sababu mdogo wangu wa mwisho alinipigia simu akasema kampuni yao inakuja. Wao wanauza majiko makubwa ya gesi, friji za vioo na mashine za kukatia viazi. Mimi nina kibanda cha chakula Tunduma, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na sikuwa na haja ya kwenda Vwawa kutafuta wateja. Wateja wangu wananijia wenyewe wakiwa na njaa. Nilichotaka ni kimoja tu: maonyesho yakiisha, mdogo wangu aje alale nyumbani usiku mmoja. Tangu aanze kazi Dar es Salaam alikuwa hajalala pale.

Kabla sijaondoka nilifua blanketi lake, nikalianika mpaka likanuka jua. Nikatandika kitanda chake, nikafunga mlango wa chumba ili kuku wasiingie.

Wazazi wetu walitutoka wakifuatana, mimi nikiwa darasa la sita. Nilikuwa mkubwa. Hakuna aliyeniambia niache shule. Asubuhi moja nilibaki tu nikipika uji, kesho yake hivyo hivyo, na baadaye sare yangu ikapunguzwa ikamtosha anayenifuata. Mama alikuwa akiwapikia madereva ugali na maharage. Niliuchukua mwiko pale alipouacha, na pamoja na mwiko nikachukua kanuni yake ya kupakua: unaanza na sahani ya asiyekuwepo. Kama mmoja kachelewa shule, au kalala kwa shangazi kule Ndalambo, sahani yake inapakuliwa kwanza, inafunikwa na sahani nyingine, inawekwa juu ya kabati. Haiguswi. Akiingia mgeni wa ghafla, mnapunguziana kwenye sahani zenu. Ile ya juu ya kabati ina mwenyewe. Asiporudi, asubuhi inaliwa na mkubwa. Nimekula viporo vingi.

Wadogo zangu walikua. Mmoja anaendesha lori upande wa Zambia, kaoa huko, na wanawe wananisalimia kwa Kibemba kwenye simu. Mwingine kaolewa Isansa, ana shamba la mahindi na wakwe wasiopungua nyumbani. Wa mwisho ndiye aliyesoma chuo cha hoteli. Siwalaumu. Nilipika ili wakue. Ila mkono wangu haujakubali kwamba wameondoka. Bado nikisonga ugali wa jioni unakuwa mlima, na ninaupakua nikiwa peke yangu, nikianza na sahani ya asiyekuwepo, bila kujua hasa ni ya nani kati yao.

Siku ya kwanza pale uwanjani nilifika mapema na masufuria yangu, jiko la mkaa, na mfuko wa mchele wa Momba. Nilipewa meza ya mwisho kabisa, kando ya uzio. Jirani yangu alikuwa bwana mmoja wa Iyula aliyeleta kahawa yake ya kukaanga. Mbele yetu, ng'ambo ya njia, lilisimama hema kubwa jeupe la kampuni ya mdogo wangu. Majiko yalikuwa yameng'arishwa hivi kwamba watu walikuwa wanajitazama humo na kurekebisha vilemba.

Yeye alikuwa amevaa koti jeusi na kitambulisho shingoni. Aliponiona alivuka njia akanikumbatia.

"Shikamoo dada. Umekuja kweli?"

"Marahaba. Nilisema nakuja."

"Jioni tuna kikao, halafu tunalala lodge wote. Lakini nitakuwa napita hapa."

"Na yakiisha?"

Aligeuka akatazama hema lao. "Yakiisha gari linaondoka jioni ile ile, tunalala Mbeya, alfajiri Dar. Lakini nimefikiria, dada. Bosi anapenda kula. Nitamleta kwako siku ya mwisho mchana aonje chakula chako. Akifurahi nitamwomba aniache nilale nyumbani, kesho yake nipande basi."

Nilimwambia amlete. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kupika.

Alirudi kazini, na mimi nikabaki nikimtazama kutoka mezani kwangu. Watu wazima wenye hoteli zao walimwita madam. Aliwafungulia milango ya oveni, akawaonyesha vitufe, akawaeleza mambo ya joto na dakika kwa maneno ambayo mimi sikuwahi kuyasikia. Mtu huyu nilimfundisha kupuliza moto wa kuni. Kulikuwa na muziki, spika zikigombana, watu wakipita na mifuko ya matangazo, na mimi nilijiona niko mbali kuliko nikiwa Tunduma. Kule anapokuwa hayupo, hayupo. Hapa alikuwepo, ng'ambo ya njia tu, na nilikuwa nasubiri anitazame.

Wageni walipofika mezani kwangu niliwapakulia. Ugali au wali, maharage, majani ya maboga ya karanga, kipande cha kuku. Walistuka kidogo, wakaangaliana, wakala. Bwana wa Iyula alikuwa akigawa kahawa kwenye vikombe vidogo kama vizibo. Alinitazama muda mrefu.

"Mama," alisema, "samahani. Umekuja kwenye maonyesho au kwenye msiba?"

"Kwa nini?"

"Naona unashibisha watu bure, na hakuna anayelia."

"Na wewe hivyo vikombe, unauza kahawa au unatia watu dawa ya macho?"

Alicheka mpaka akamwaga. Kuanzia hapo tukawa tunaelewana, na mchana nilimpakulia na yeye.

Kabla ya saa sita masufuria yalikuwa matupu. Mdogo wangu alipopata nafasi ya kuvuka njia, alinikuta nimekaa juu ya kreti nikitazama watu wakipita.

"Dada, chakula kimeisha saa hizi?"

"Watu wamekula."

"Hapa watu hawali, dada. Wanaonja."

"Wanaonja halafu wanakula wapi?"

"Wanaonja halafu wanachukua namba yako ya simu."

"Na njaa yao?"

"Wanaondoka nayo," alisema, akacheka, akanishika bega. "Kesho kata vipande vidogo vidogo, chomeka vijiti vya meno. Mtu mmoja kipande kimoja. Hivyo bosi akija siku ya mwisho atakuta chakula kipo."

Nilimfunulia sahani yake. Alikula kijiko kimoja, simu ikaita, akaniachia akaondoka. Jioni niliimalizia mimi, kwenye chumba nilichopanga nyuma ya uwanja.

Siku iliyofuata nilijaribu, Mungu anajua. Nilikata kuku vipande vya ukubwa wa kidole gumba, nikachomeka vijiti, nikavipanga kwenye sinia. Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja wa Momba, mtu mzima, amejifunga vitenge viwili. Nilimnyooshea kijiti. Alikipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, halafu akakitazama upande huu na upande ule.

"Hiki ni cha mtoto?"

"Hapana mama, ni cha kuonja."

"Kuonja?" Alinitazama kwa huruma. "Kwani mwanangu unaumwa, hujui kama chumvi imekolea?"

Bwana wa Iyula aligeukia uzio, mabega yakimtikisika. Nilimwomba yule mama akae. Nilichukua sahani. Sijui wengine wanawezaje, lakini mimi mtu akisimama mbele ya sufuria yangu, mkono hauwezi kumpa tonge moja na kumtakia safari njema. Kwetu ukimpa mtu kidogo namna hiyo unakuwa umemwambia jambo. Vijiti vilivyobaki niliwashia mkaa.

Siku ya mwisho nilipika mara mbili ya kawaida. Niliazima sufuria kwa mwenye nyumba, nikaanza gizani. Kabla ya mtu yeyote nikapakua sahani ya mdogo wangu: wali, maharage, paja la kuku, majani ya maboga pembeni yasiloweshe wali, kwa sababu tangu mdogo hapendi wali uliolowa. Nikaifunika na sahani nyingine, nikaiweka juu ya ndoo nyuma yangu, nikatandaza kitambaa.

Mchana ulifika, bosi hakufika. Niliona wamezungukwa na watu kule hemani. Watu wangu nao walikuja. Nilikuwa napakua kwa kiasi, nikichungulia sufuria, nikijisemea bado kipo. Halafu wakatokea vijana waliofunga mahema, wale waliokuwa wakivuta kamba tangu kabla maonyesho hayajaanza. Hakuna meza iliyokuwa imewajali, kwa sababu hawakuwa na hoteli ya kununulia kitu. Walisimama pembeni, mmoja akauliza kama wanaruhusiwa kuonja.

Niliwapakulia. Nilipokuwa nakwangua sufuria la mwisho nilijua ninachofanya. Nilijiambia bosi hatakuja tena.

Alikuja. Alikuwa mama mwembamba mwenye miwani, mpole wa sauti. Mdogo wangu alitembea mbele yake, uso unang'aa, na nikaona akitazama masufuria moja baada ya jingine, na uso ukibadilika.

"Habari za kazi, mama," bosi alisema. "Nimesumbuliwa sana na habari za mikono yako."

"Nzuri. Karibu. Karibu sana ukae." Nilimpa kreti, nikaifuta kwa kanga yangu. "Umechelewa kidogo tu. Chakula kimeishia kwa watu."

"Chote?"

"Chote."

Mdogo wangu aliona kitambaa. "Dada, kuna sahani pale."

"Hiyo ina mwenyewe."

"Ya nani?"

"Yako."

Alinikazia macho, na nilielewa anachoniomba. Tulikuwa hatujazungumza kwa macho hivyo tangu alipokuwa mdogo na wageni walipokuwa wakijaa nyumbani. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono, kuvuta kitambaa, kumpa yule mama. Angekula. Angefurahi. Blanketi lilikuwa safi, kitanda kimetandikwa. Mkono wangu haukwenda.

Bosi alitutazama wote wawili, akatabasamu. "Hapana, hapana. Siwezi kula chakula cha mtu. Siku nyingine, mama." Alimgeukia mdogo wangu. "Kula haraka. Saa kumi na moja tunatoka, na mizigo ihesabiwe kwanza." Akaaga vizuri, akaondoka. Bwana wa Iyula alimpa kikombe chake kidogo alipokuwa anapita.

Mdogo wangu alikaa kwenye kreti. Nilimfunulia sahani.

"Dada, ungempa tu."

"Wewe ungekula nini?"

"Ningekula Mbeya."

Alivua koti, akalikunja magotini, akaanza kula kwa kijiko. Baadaye akaweka kijiko chini, akanawa, akala kwa mkono. Alikula majani ya maboga, akala wali mkavu, akavunja mfupa wa kuku akaufyonza kama alivyokuwa akifanya utotoni nikimgombeza. Chakula kilikuwa kimepoa. Alikula mpaka sahani ikabaki na mchuzi tu.

"Nimwombe hivyo hivyo?" aliuliza.

"Muombe."

Alivuka njia. Nilimwona akizungumza na yule mama kati ya majiko ambayo sasa yalikuwa yanavishwa makaratasi. Nilimwona yule mama akitikisa kichwa taratibu, akionyesha mizigo, akimgusa mkono. Huenda hata angekula asingekubali. Huenda angekubali. Mdogo wangu hakurudi mara moja. Alishika upande mmoja wa friji, wenzake upande mwingine, wakaipandisha kwenye gari.

Alikuja kuniaga akiwa na koti lake tayari. "Mwezi wa kumi na mbili, dada."

"Sawa."

"Kweli nitakuja."

"Nimesikia. Nenda, wanakusubiri. Funga hilo koti, Mbeya baridi."

Bwana wa Iyula alinisaidia kupakia masufuria. Alinipa kifuko cha kahawa, hakufanya mzaha wowote, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nilifika Tunduma jua linazama. Foleni ya malori ilikuwa pale pale. Dereva mmoja wa Zambia anayenijua, ambaye huniita mama kwa Kibemba, alipaza sauti kutoka dirishani, "Bamayo, ulitutupa na njaa," nikamwambia kesho asubuhi kuna supu. Niliwasha moto, nikasonga ugali, ukawa mlima kama kawaida. Nilipakua sahani ya kwanza, nikaifunika, nikaiweka juu ya kabati. Kisha nikajipakulia.

Simu ikatoa mlio. Alikuwa yeye, wako njiani bado. Aliandika: Dada, umeshapakua?

Nikamwandikia: Nimepakua. Yako iko juu ya kabati.

Hakujibu tena, nadhani mtandao ulikatika kwenye milima. Watu niliowasimulia wameniambia ningempa yule bosi ile sahani. Nimelifikiria sana. Mlango wa chumba chake bado umefungwa, blanketi liko kitandani limekunjwa nilivyolikunja, na mkono wangu naujua, hata leo usingekwenda.

Asubuhi niliteremsha sahani, nikapasha chakula, nikakila nimesimama mlangoni, malori yakianza kuwasha injini moja moja. Halafu nikabandika supu.