Jina Alilolikata Mwalimu Wilibrodi

Mwalimu Wilibrodi alifundisha fizikia sekondari ya Kaengesa miaka kumi na tisa, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akisema "sijui." Kwake neno hilo lilikuwa sawa na kuingia darasani bila suruali.

Mwaka 1991 alichora ubaoni manowari ya kubeba ndege. Sitaha, ule uwanja wa juu wa meli, ni fupi, akaeleza, kwa hiyo mtambo wa mvuke huivuta ndege na kuirusha kwa ghafla. Luciana wa kidato cha pili, binti wa wakulima wa ulezi wa kijiji cha Pito, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini wasitumie umeme? Ng'ombe wa plau ukiwashtua, mnyororo unakatika. Ukiwaongezea mwendo polepole, wanavuta mzigo uleule. Umeme si unaongezeka kidogo kidogo?"

Mwalimu akacheka. "Wenye manowari hawajafikiria," akasema, "umefikiria wewe wa Pito?"

Darasa likacheka mpaka madawati yakatikisika. Mwisho wa mwaka, akiandaa orodha ya watakaoendelea na fizikia, alilikuta jina la Luciana likiwa la pili kwa alama. Akalikata kwa wino mwekundu. Alijiambia kwamba binti ana mdomo, na wala hakukosa usingizi. Luciana alimaliza kidato cha nne bila fizikia, akarudi shambani.

Masharti ya biashara yalipolegezwa, magazeti ya zamani ya Ulaya yakawa yanauzwa kwa kilo sokoni Sumbawanga, ya kufungia karanga. Mwaka 1999 mwalimu alifungua karanga zake akakutana na picha ya manowari. Wahandisi, ukurasa ulisema, wanajaribu kuacha mvuke na kutumia umeme, ili nguvu iongezwe taratibu na ndege zisichakae upesi. Uso ulimwaka kwa aibu, mtu mzima peke yake chumbani.

Wiki tatu alitembea na karatasi ile mfukoni, akijiona mwizi. Kisha akapanda baiskeli hadi Pito.

Luciana alikuwa anapepeta ulezi. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akamsomea yote, akitafsiri. Luciana alisikiliza, ungo magotini.

"Umeme wote huo wa kurusha ndege kwa mara moja, wanautunza wapi?"

Ukurasa ulikuwa umechanika hapo. Mwalimu alifungua mdomo kutunga jibu, kama alivyozoea, akaufunga.

"Sijui, Luciana. Hata siku ile sikujua. Nikakucheka, na jina lako nililikata mimi."

Luciana akauinua ungo, akapepeta.

"Ungesema hivyohivyo siku ile, mwalimu," akasema, "ningekwenda kusoma, nije nikujibu."