Mukaba wa Kufuta Nyota

Ngozi ya zamani iliyolowa moshi wa chisense, samaki wale wadogo wa ziwa: nikisikia harufu ile sokoni Kashikishi, hata leo na yunifomu yangu ya sekondari, macho yanaenda yenyewe kwenye viuno vya watu. Musinicheke. Nilikuwa na miaka saba, na nilikuwa ninaokoa ulimwengu.

Mama alituletea kutoka kwao, ng'ambo ya ziwa, kitabu cha picha. Ndani kulikuwa na mubaya mumoja, Dokta Zarguma, na mukaba wake wa kiunoni. Akibonyeza kifungo cha shaba, historia ya ulimwengu inaandikwa upya: nyota hazijawahi kuwaka, mufalme alikuwa mufagizi tangu zamani, na watu wote wanaitika. Mutoto mumoja tu anakumbuka.

Bon. Mwezi uleule tukamaliza kilio cha kambo Kalumba, baba ya baba, aliyeniwekea kichwa cha samaki kila chakula. Wakamukalisha mukekani mupwa wake Chola, kijana wa kupigia wasichana miluzi bandarini na kukimbia mbuzi. Wakamupaka unga, wakamufunga mukaba wa kambo, wenye kifungo cha shaba. Alipoinuka, mama yake mwenyewe akamwambia, "Karibu, kaka yangu Kalumba."

Kaka?

Mama yangu, aliyemutukana Chola jana yake kwa sababu ya ndoo, akamuachia njia na kuinamisha macho kama mbele ya baba-mukwe. Na yeye, bila haya: "Nilifika hapa na mutumbwi wangu kutoka Kilwa ya ziwa hili. Kashikishi ilikuwa paka majani, majani matupu."

Hakuwa hata amezaliwa! Wazee wakaitika.

"Nani alikufa?" nikamuuliza mama ya Chola.

"Nani alikufa? Kalumba si ule, anakunywa munkoyo?"

Basi wote walikuwa wamefutwa vichwa. Nikisahau na mimi, kambo hajawahi kuwa. Nikawa ninarudia kimoyomoyo: kikohozi chake, pengo la meno, kichwa cha samaki.

Kesho yake Chola akaenda kuoga ziwani, nguo akaacha juu ya mutumbwi. Nikanyakua mukaba, nikabonyeza mara tatu. "Rudisha kambo!" Paka mawimbi.

"Weye mutoto, unafanya nini na mukaba yangu?"

"Si yako! Weye ni Chola. Unaogopa mbuzi."

Akageuka kutazama kama kuna mutu amesikia. Kisha akajifunga, maji yakimutiririka, kwenye tundu jipya la musumari. Matundu ya kambo yote yalimupita.

"Usiseme kwa nguvu," akasema.

Kwenye chakula akanisukumia kichwa cha samaki. Nani alimwambia? Nikala, jicho moja kwake.

Kwetu mwenye kurithi mukaba wa marehemu anarithi na jina lake na maisha yake; miaka yote ile nilikuwa ninalinda mutu asiyefutwa. Kambo anasalimiwa kila asubuhi mpaka leo. Miluzi ya bandarini ndiyo ilikatika wiki ile, na mimi, mupelelezi mukubwa, sikusikia kimya chake.

Sasa tukibaki wawili, ninamuita, "Chola!" Anatazama kushoto, anatazama kulia. Ndipo anaitika.