Gwaride la Mapigo Saba

Horacio Bellandi alikuwa mwoga, wala hakuficha. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa hata kumwita mhudumu wa mkahawa kwa sauti. Asipohudumiwa, alinyanyuka akaenda zake na njaa. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wa mji wetu wa Rosario walimsema mengi baadaye, na mimi niliyekuwa rafiki yake nataka ieleweke tunamzungumzia mtu wa namna gani.

Alikuwa fundi piano. Mrefu, mwembamba kama ufito, na kwa ule wembamba tulimwita Flaco. Alizunguka mjini na mkoba wake wa vifaa akikaza nyuzi za piano katika shule za watawa, katika nyumba za watu wenye nafasi, na katika klabu ya maofisa wa jeshi. Hakuoa. Aliishi ghorofa ya nne na dada yake Elvira. Jioni alipiga kinanda cha umeme katika bendi yetu ya roki, na mimi, Tito Manfredini, mziba matairi, nilipiga dramu.

Roki yetu haikuwa ya kuchezea dansi. Ilikuwa ile ya wimbo mmoja unaojaza upande mzima wa santuri, kinanda kinapanda kinashuka, mapigo yanabadilika kila unapoanza kuyazoea. Mwaka 1975 tulitaka kutengeneza santuri itakayosimulia kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kisa akatuletea Mirta Zubeldía, mwalimu wa fasihi wa shule ya sekondari, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha ghafla. Flaco akatunga muziki.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Katika mji fulani mtu mmoja anajikwaa na kuvunjika kidole cha mguu. Madaktari wanakuja, wanamtazama, wanatangaza kwamba mji mzima umevunjika. Wanaanza kuwafunga watu plasta ngumu nyeupe ya mifupa. Kwanza miguu, halafu mikono, halafu midomo. Mwisho wa upande wa pili mji wote ni mweupe na kimya, na madaktari wanapeana mikono kwa kazi nzuri. Mirta hakuandika hata neno moja la kuwakashifu. Aliwaacha wajisifu wenyewe, na aliyekuwa na masikio alicheka mpaka akajishika mbavu. Kwenye jalada hakutia jina lake. Aliandika: maneno ni ya Daktari Plasta.

Katikati ya santuri palikuwa na wimbo wa gwaride, madaktari wakipita barabarani kwa mbwembwe. Flaco aliutunga kwa mapigo saba. Askari hutembea kushoto kulia, kushoto kulia, na saba haigawanyiki kwa mbili. Kwa hiyo pigo zito likiangukia mguu wa kushoto safari hii, safari ijayo linaangukia wa kulia. Gwaride linachechemea, kama mtu mwenye plasta mguu mmoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa dhihaka yake Flaco, na aliionea fahari kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza.

Santuri ilitoka Februari 1976. Tuliuza chache. Mwezi uliofuata majenerali wakachukua nchi, na redioni wakaanza kusema kwamba nchi ilikuwa mgonjwa na wao wamekuja kuitibu.

Nilipowasikia, nilizima redio nikaketi juu ya tairi. Mwimbaji wetu akakimbilia Barcelona. Mimi nilichukua nakala kumi na mbili zilizokuwa dukani kwangu nikazichoma pamoja na matairi mabovu. Shuleni kwa Mirta walimu wawili walichukuliwa na gari la kijani lisilo na namba, na hakuna aliyejua walikopelekwa. Mirta hakurudi tena kazini. Flaco, mwoga yule, ndiye aliyempeleka kwa treni hadi kwa shangazi yake huko Cañada de Gómez, akakae chumba cha uani mpaka zipatikane karatasi za kuvukia Brazil. Zilichukua zaidi ya mwaka.

Jumanne moja ya Juni 1977, Flaco alienda kulinganisha sauti za piano nyumbani kwa Kanali Urdampilleta. Piano ilikuwa ya binti yake, Inés, wa miaka kumi na sita. Flaco alikuwa ameinama ndani ya piano aliposikia viatu vya kanali vikiingia sebuleni.

"Wewe ndiye Bellandi?"

"Ndiyo, kanali."

"Bellandi huyu huyu wa kwenye hili jalada?"

Flaco aligeuka akaona santuri yetu mkononi mwa kanali. Nyuma yake, mlangoni, alisimama yule binti, mweupe kama karatasi. Kifaa cha kukazia nyuzi kilimponyoka Flaco kikaanguka ndani ya piano, nyuzi zote zikalia kwa pamoja. Aliniambia mlio ule ulichukua muda mrefu sana kuisha.

"Ni mimi, kanali."

"Nimeikuta chumbani kwa binti yangu. Nimeisikiliza mara tatu. Mara tatu! Mke wangu ananiuliza nimepatwa na nini." Kanali akampiga begani. "Mwishowe vijana wa nywele ndefu wamesema kitu cha maana. Mji umeoza, wanakuja madaktari wakali, wanafanya kazi bila huruma, mji unatulia. Si ndivyo tunavyofanya sisi?"

"Ndivyo, kanali."

"Sasa huyu Daktari Plasta ni nani? Wenzangu wa upelelezi wananisumbua. Wao wanashuku kila kitu, hata misa."

Flaco alisema alimwona Mirta akilini, katika kile chumba cha uani, anammenyea shangazi viazi. Akasikia sauti ikisema, na ilikuwa yake.

"Ni mimi."

"Wewe? Mbona ukaficha jina?"

"Niliona haya, kanali. Marehemu mama alitaka niandike tenzi za kanisa."

Kanali alicheka mpaka akatoa leso. Halafu akasema gwaride lile la madaktari ni zuri mno, na bendi ya kikosi italipiga tarehe tisa Julai, sikukuu ya uhuru, askari wote wakipita mbele ya wageni. Ijumaa Flaco apeleke noti za muziki kambini.

Alitoka pale akaja moja kwa moja dukani kwangu. Nikampa kibuyu cha yerba, chai yetu ya majani machungu, avute kwa mrija, akakiweka chini bila kukionja.

"Flaco, gwaride lile lina mapigo saba!"

"Najua, Tito. Nililitunga mimi."

"Askari watagongana! Mbele ya wageni! Watakuua, ndugu yangu."

"Najua."

"Panda basi leo hii. Paraguay. Nina binamu Asunción."

Alitikisa kichwa. "Nikikimbia leo, kesho watajiuliza kwa nini. Watasikiliza ile santuri mara ya nne, na safari hii wataisikia. Halafu watamtafuta Mirta. Wataanzia kwa Elvira, waje kwako."

Kwa aibu nasema, aliponitaja mimi nilitazama mlango.

"Basi liongeze pigo moja," nikasema. "Yawe manane. Nani atajua?"

"Kila mwanamuziki atajua. Nikienda na noti zenye manane, ataniuliza yeyote mwenye santuri: mbona hukuandika hivi mwanzo? Ulitaka kusema nini?" Akaufunika uso kwa viganja. "Nilidhani nimewachekesha watu, Tito. Mara ya kwanza maishani nilijiona hodari."

Siku tatu zile hakula. Elvira alimtengenezea supu, akaimwaga. Gari la kijani lilisimama mtaani kwetu Jumatano mchana, watu wawili ndani wanavuta sigara, kisha likaondoka. Huenda halikutuhusu. Hakuna aliyelala.

Ijumaa alienda kambini na noti zilivyo, mapigo saba, kwa sababu mkono ulikataa kuandika kingine. Kiongozi wa bendi alikuwa Sajini Lucero, mzee mnene wa tarumbeta. Kanali mwenyewe alikuja kusikiliza, akaketi na miguu yake mirefu mbele. Sajini akapitisha macho kwenye karatasi, kidole chake kinahesabu pajani. Kikahesabu tena. Akamtazama Flaco.

"Maestro," akasema, "hapa kuna pigo limepotea."

Wapiga matarumbeta thelathini walikuwa wanamtazama. Kanali akakunja miguu.

"Limepotea vipi?"

Flaco alisema kwamba wakati ule hakuona ukumbi. Aliona tu kifungo kimoja cha koti la kanali, cha dhahabu, na ndani yake yeye mwenyewe, mdogo, kichwa chini.

"Ni kosa langu," akasema. "Sisi wa roki hatukusoma muziki wa jeshi. Tunapiga kwa kubahatisha."

"Unamaanisha hamjui kuhesabu?"

"Hatujui, kanali."

Kanali akageuka kwa wanabendi. "Mnasikia? Nywele mpaka kiunoni, na kuhesabu mpaka nane hawawezi!" Thelathini wakacheka, kwa kuwa kanali alicheka. "Lirekebishe, sajini."

Lucero akachukua penseli, akaongeza pigo mstari hadi mstari, taratibu. Alipomaliza, kanali akiwa ameshatoka, Lucero akamsindikiza Flaco hadi geti. Hakumtazama usoni.

"Mwanangu anayo santuri yako," akasema chini chini. "Tumeisikiliza wote. Tulifunga madirisha tukacheka. Sasa nisikilize. Upelelezi walikuwa na faili la Daktari Plasta. Kanali kawaambia ni mtu wetu, wameliweka kando. Usilifungue kwa mdomo wako. Usimwambie mtu chochote, hata padri. Nenda nyumbani."

Tarehe tisa Julai nilikuwa kwenye umati. Kulikuwa na baridi, na watoto wa shule walipewa vibendera. Bendi ikaanza, na wimbo wa Flaco ukapita mbele yetu umenyooka, mzito, hauna tena kuchechemea kokote. Buti zote zilipiga chini kwa pamoja. Ulikuwa wimbo mzuri wa kijeshi, na hilo ndilo lililonitisha zaidi ya yote. Ilitosha pigo moja dogo, na kitu kilichowacheka kikawa kinawatumikia.

Flaco walimwita jukwaani. Kanali akampa mkono, mpiga picha akabonyeza. Kesho yake picha ilikuwa gazetini: Daktari Plasta na kanali.

Siku mbili baadaye Mirta alivuka mpaka kwa basi, na karatasi zake hazikuulizwa maswali. Kutoka Brazil akaenda Sweden.

Kisha ikaanza ile adhabu ya polepole. Vijana walioipenda santuri yetu, wale wachache walioielewa, waliona gazeti. Mmoja alimtemea Flaco usoni mtaa wa Córdoba, katikati ya watu. Mwingine aliandika MSALITI kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa jengo lake, na Elvira akaufuta kwa mafuta ya taa. Walimu wa muziki walimnyima salamu. Kwa upande mwingine maofisa walimwalika karamuni, naye hakuthubutu kukataa. Aliketi kwenye pembe ya meza, akila kidogo kidogo, akiombwa kupiga gwaride lake. Alilipiga. Miaka sita alilipiga, na kila mara kwa mapigo manane.

"Niwaambie watu ukweli," nilimwambia mara moja.

"Ukimwambia mmoja, umemwambia kanali," akanijibu. "Nyamaza, Tito. Nakuomba kwa magoti, nyamaza."

Nikanyamaza. Haikunigharimu sana, kwa sababu na mimi niliogopa.

Majenerali waliondoka mwishoni mwa 1983. Mwaka uliofuata Mirta akarudi, mvi kichwani, kicheko kikiwa bado cha ghafla ila kifupi zaidi. Aliposikia jinsi Flaco alivyosemwa mjini, alienda redioni akaeleza yote: nani alikuwa Daktari Plasta, nani alidai jina lile mbele ya kanali, na kwa nini yeye yuko hai. Wiki ile watu walipanda ngazi hadi ghorofa ya nne kumwomba msamaha. Kijana aliyemtemea alikuja, sasa baba wa watoto wawili, akalia jikoni kwao. Flaco alimfariji, akamkatia mkate wa maziwa.

Wakatuomba tuipige santuri nzima ukumbini. Mirta alitaka, mimi nilitaka.

"Mapigo saba, Flaco," Mirta akamwambia. "Mbele ya watu wote, taa zikiwaka. Wamekwisha ondoka."

"Wameondoka kwenda wapi?" akauliza. "Kanali anaishi mtaa wa tatu kutoka hapa. Jana nimemwona ananunua mkate. Amenisalimia."

Ukumbini tulimpata mpiga kinanda mwingine, kijana hodari, na watu walicheka pale tulipotaka wacheke. Flaco hakuja. Aliendelea na piano zake, akikataa tu nyumba za wanajeshi. Huo ndio uhuru pekee aliojipa.

Alikufa kwa maradhi ya moyo mwaka 1996, kitandani kwake, mchana. Mirta na mimi tulienda kumsaidia Elvira kupanga vyumba. Elvira alituonyesha viatu vya Flaco chini ya kitanda, vimeelekezwa mlangoni, soksi safi zimetumbukizwa ndani. Alisema kaka yake alikuwa akiviweka hivyo kila alipolala, tangu Juni ile, ili wakija kumchukua asitolewe miguu mitupu.