Miiba Tisini ya Mama Winny

Saa tisa alasiri, jua la mtaa wa Mbotela limekalia mabati, na Beldina Aoko anavunja mwiba wa arobaini na moja tangu asubuhi. Anamshika samaki kwa mkono wa kushoto, anabana mwiba kwa koleo, anazungusha. Ta! Kidole gumba cha kulia hakikunjiki. Kimevimba, kinang'aa kama kitunguu kilichomenywa.

Samaki wenyewe ni gogogo, ndugu mdogo wa kambare, kutoka Ziwa Viktoria. Ana miiba mitatu: mmoja mgongoni, mmoja kila ubavu. Akikaushwa kwa moshi, miiba husimama kama misumari. Beldina, mwenye miaka hamsini na miwili, huuza hadi thelathini kwa siku, kila mmoja shilingi themanini.

"Hesabu mwenyewe," anasema kwa uchovu. "Miiba tisini. Na mkono wa kulia Mungu alinipa mmoja tu."

Miezi mitatu iliyopita mwiba ulimzamia kidoleni. Daktari alimwonya: akiendelea kuvunja, huenda kidole kikakatwa. Beldina akaagiza samaki waliovunjwa miiba huko huko ziwani. Hakuna aliyewagusa. Wateja wa hapa waliwahi kuuziwa samaki wengine kwa jina la gogogo, kwa hivyo wanataka kuiona miiba kwanza, kisha ivunjwe mbele yao.

"Gogogo bila miiba? Hata paka wangu atauliza huyu ni nani," anatania jirani yake, Nafula, akichagua wanne. "Vunja, Mama Winny."

Koleo linateleza. Beldina anafumba macho, midomo ikitembea kwa sala isiyosikika.

"Hebu lete!" Nafula analichukua koleo. Anabana, anazungusha. "Woi! Mwiba umenidunga!"

"Pole, mama," anasema Beldina. "Huo ni wa kwanza. Bado kumi na mmoja."

Wanawake walio kwenye foleni wanaangua kicheko. Nafula hacheki. Anaivunja yote, polepole.

"Kumbe unaumia hivi," anasema, "na sisi tunakuharakisha."

Beldina anakata kamba, analifunga koleo kwenye mguu wa meza. Kuanzia Jumatatu, kila mteja atajivunjia. Anajua wengine watamhama.

"Watakaokwenda, waende na Mungu," anasema. Anachoomba ni kidole kikunjike kabla ya Pasaka. "Winny wangu hutoka zamu ya kiwandani akiwa hoi, na bado namwamsha anifunge vifungo vya blauzi ya kanisani. Nataka Jumapili moja nimwache alale."