Nyasi za Mashahidi

Mimi darasa nililiona miaka miwili tu, kisha baba akasema ng'ombe hawajichungi wenyewe. Kwa hiyo asiyependa maneno makavu aiweke karatasi hii chini mapema. Kazi yangu ni ujenzi. Nilijifunza kwa kubeba udongo wa wengine, na nilipofika umri wa kuoa hakukuwa na mtu Igamba nzima wa kunifundisha tena namna ya kusimamisha ukuta.

Nilibatizwa nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, bendera ya Uhuru ikiwa bado haijapauka. Sitaficha kilichonivuta. Katika kanisa letu dogo la mlimani kulikuwa na picha za watakatifu, wote weupe, wote pua ndefu, nami niliwaheshimu kama mtu anavyomheshimu mgeni wa jirani. Siku moja Padri akaleta picha mpya, akaipigilia kando ya dirisha. Vijana weusi, pekupeku, nguo wamefunga begani. Mashahidi wa Uganda. Roma ilikuwa imewatangaza watakatifu juzijuzi tu. Nikasogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. Nywele kama zangu. Nikamuuliza Padri, hawa nao wanasikilizwa huko juu? Akasema wanasikilizwa sana. Nikasema basi nibatize.

Kigango chetu kikawachukua wawe somo wake. Kwetu somo wa kigango ni mtakatifu ambaye kanisa linaitwa kwa jina lake, na siku yake ndiyo sikukuu kubwa kuliko zote ukiondoa Pasaka na Krismasi. Siku ya Mashahidi ni tarehe tatu Juni. Kwetu Mbozi wakati huo mvua imekwisha, nyasi za mlimani zimekuwa rangi ya simba. Wazee walipoambiwa kwamba wale vijana walifungwa kwenye mikeka ya matete kabla ya kuchomwa, mmoja wao akasema: majani yaliyowaua wao sisi tutayafanya paa. Ndipo ikaanza desturi yetu. Kila mwaka siku ile mkubwa kwa mdogo alibeba mzigo wa nyasi kichwani, tukaandamana tukiimba litania, tukafika kanisani tukaezeka upya. Sikukuu bila mzigo kichwani haikuwa sikukuu. Hata mama mja mzito alishika walau konzi moja.

Ikaja Operesheni ya kuhamia vijiji. Sitaki kuieleza sana, walioiona wanaijua. Watu wa mlimani na watu wa bondeni tuliteremshwa wote tukawekwa kijiji kimoja karibu na barabara kuu, upande wa kwenda Nanyala. Kanisa letu la mlimani likabaki na popo. Na hapo ndipo yalipoanza, maana watu wa bondeni nao walikuwa Wakatoliki na walikuja na somo wao: yule seremala mume wa Mama Maria.

Kijiji kimoja, kanisa moja la kujenga, masomo wawili. Sisi tukasema Mashahidi, wao wakasema Seremala. Tulikuwa tunasali Jumapili chini ya anga moja, mafungu mawili, kila fungu likiimba kwa nguvu ili lingine lisisikike. Nilisimamisha kuta za kanisa mimi mwenyewe kwa tofali mbichi, lakini mlangoni mahali pa kuchora jina pakabaki patupu kama uso usio na macho.

Kiongozi wa wale wa bondeni alikuwa katekista wao, mtu wa shati safi na kauli nzuri. Na hoja yake ilikuwa nzito, nakubali. Sikukuu ya Seremala Mfanyakazi ni Mei Mosi. Mei Mosi serikali yenyewe inapumzika. Hakuna shamba la kijiji, hakuna mkutano, hata mwenyekiti atakuja kula pilau. Tarehe tatu Juni ni siku ya kazi, na katika miaka ile ukikosa shamba la kijiji jina lako linasomwa hadharani.

"Fundi," aliniambia mbele za watu, "nyie wa mlimani mnapenda watakatifu wa kuchomwa. Sisi tunapenda wa kufanya kazi. Sasa hii nchi ni ya nani?"

Watu wakacheka. Mimi nikamjibu kwamba Seremala wake namheshimu, lakini hata yeye asingeezeka nyumba kwa nyasi mbichi.

Nilisema hivyo kwa sababu walikuwa wameshaanza kuzikata. Ili kanisa liwe tayari Mei Mosi, walienda mtoni mwezi wa nne, mvua bado inanyesha, wakakata nyasi zinazotoa maji zikikamuliwa. Hakuna mtoto Mbozi asiyejua kwamba nyasi za kijani hazipandi juu ya nyumba. Katekista naye alijua vizuri. Lakini Mei Mosi ilikuwa inamkimbilia, na mtu anayekimbizwa na sikukuu hatazami anakanyaga wapi. Nikawaambia waache. Wakasema Fundi ana wivu. Nikakunja mikono.

Paa lilikaa siku chache tu. Likafuka mvuke kama chungu, likaota ukungu mweupe, kisha mvua ya mwisho ikaja ikalijaza maji. Fito zikaanza kulia. Asubuhi ya Mei Mosi, watu wakiwa bado majumbani wanavaa, paa zima likakaa chini katikati ya kanisa langu. Ashukuriwe Mungu hakukuwa na mtu ndani. Kuta hazikupata hata ufa, na hilo naliandika makusudi.

Padri akafika kwa pikipiki yake, mzungu mzee aliyejua Kinyiha kuliko alivyojua Kiswahili. Akachungulia mlangoni, akaona lile lundo linalonuka. Akasoma Misa nje, sisi tukiwa tumesimama mafungu yetu mawili. Mwishoni hakutoa hotuba. Alisema atarudi tarehe tatu mwezi wa sita. Akikuta nyumba moja yenye paa na somo mmoja tuliyekubaliana, atalibariki kanisa na atakuwa anakuja kila mwezi. Akikuta mabishano atageuza pikipiki, na Misa tutaifuata wenyewe parokiani kwa miguu. Huko parokiani ni kulala njiani. Wazee wetu wasingefika, wangekufa bila komunyo. Kila mtu pale alimfikiria mama yake. Mimi nilimfikiria wangu.

Tarehe ilikuwa imeangukia kwa Mashahidi bila mimi kuomba. Lakini tarehe haiezeki nyumba. Nilihitaji watu wote, wa mlimani na wa bondeni, na nilihitaji siku yenyewe, ambayo ilikuwa mali ya kijiji.

Nikaanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Yeye hakuwa wa kanisa letu, na alikuwa na shida yake. Nilikuwa nimemjengea kuta za ghala, na bati zilizoahidiwa kutoka wilayani hazikuonekana. Mahindi ya shamba la kijiji yalikuwa yanakauka, pa kuyaweka hapana.

"Ndugu Mwenyekiti, tarehe tatu tunaiomba."

"Tarehe tatu ni shamba. Watakatifu wenu na waje na majembe."

"Wetu hawalimi. Wetu wanaezeka." Nikamweleza. Siku ile Wakatoliki wote tutapanda mlimani safari mbili. Mizigo ya safari ya kwanza itakwenda kwenye ghala, ya pili kanisani.

Akanitazama kwa jicho moja. "Kwa nini ghala litangulie? Mungu si mkubwa?"

"Mungu ni mkubwa, anaweza kungoja. Lakini mtu akishamaliza la kwake, Mwenyekiti, safari ya pili humwoni."

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema siku ile itahesabiwa kazi ya kijiji kwa kila atakayebeba, wa dini yoyote.

Kwa katekista nilikwenda peke yangu. Nilimkuta anaanika zile nyasi zilizooza zikauke zifae kuwashia moto. Hakuniambia keti. Nikaketi. Nikamwambia sikuja kumcheka, ingawa Mungu ananiona nilikuwa nimekwisha kumcheka nyumbani siku nzima. Nikamwuliza kama anajua kwa nini siwezi kuwaacha Mashahidi. Akasema kwa sababu ya ukaidi. Nikamsimulia ile picha kando ya dirisha, na swali nililomuuliza Padri.

Akasema na yeye ana kisa. Baba yake alikuwa seremala. Alikufa akiwa anatengeneza mlango wa kanisa la bondeni, na lile jina mlangoni lilikuwa kama jina la baba yake. Hayo sikuyajua. Miaka yote tuliyobishana sikuwahi kuyasikia.

"Mlango upo?" nikauliza.

"Upo. Niliubeba wakati wa kuhama."

"Ulete. Kanisa langu halina mlango."

Akarudi kugeuza nyasi zake. Nikaondoka nikiwa sijui tarehe tatu nitawaona watu wa bondeni au la.

Siku ilipofika niliamka alfajiri, nikapanda mlimani na watu wangu mpaka kwenye kanisa la popo. Tukasali kidogo, tukaanza kukata. Nyasi zilikuwa kavu, zinapiga kelele kwenye mundu, safi kabisa. Jua lilipochomoza nikasikia litania inapanda kutoka chini. Walikuwa wa bondeni, wote, katekista mbele na mundu begani. Nyuma yao wenzetu wa kanisa jingine, waliokuja kwa sababu mwenyekiti alisema siku itahesabiwa kazi ya kijiji. Nyuma yao mwenye duka, Mwislamu aliyehamia kutoka Tunduma, kashika kitambaa chekundu alichokitoa dukani kwake tufanye bendera. Akasema mtu aliyeuawa kwa ajili ya Mungu si wa kutazamwa mikono mitupu. Akabeba na mzigo, kanzu ikajaa mbegu mpaka shingoni.

Tulipoteremka, mlima ulihama. Sina namna nyingine ya kusema. Hukuona watu, uliona nyasi zenye miguu, mstari usiokatika, bendera nyekundu mbele, na wimbo unatoka ndani ya nyasi. Malori ya kwenda Tunduma yalipunguza mwendo. Dereva mmoja wa Zambia alisimama akatupigia makofi.

Ghala likapata nyasi zake. Mwenyekiti akasimama pale akiangalia safari ya pili, nami nikamwona midomo inahesabu. Hakupungua mtu.

Nilikuwa juu ya kanisa tangu mchana. Chini yangu alisimama katekista, ananirushia vifungu. Shati lake safi lilikuwa limekwisha habari yake.

"Pokea, Fundi."

"Inua zaidi, wewe, huna mikono?"

"Mikono ninayo. Mtu wa juu ndiye mfupi."

Waliokuwa chini wakapasua kicheko, nami nikacheka nikiwa nimeshikilia fito kwa magoti. Alikuwa kweli ameuleta ule mlango. Ulikuwa umeegemezwa ukutani, mbao za mninga, kazi ya mtu aliyejua. Tuliupachika kabla ya kifungu cha mwisho kupanda.

Pikipiki ya Padri ikasikika. Akashuka, akavua kofia, akatazama paa, akatazama mlango, akaupapasa kwa kiganja. Kisha akatutazama. Tulikuwa tumechanganyikana hivyo hivyo kama kazi ilivyotuweka, hakuna mafungu.

"Kanisa ni zuri," akasema. "La nani?"

Watu wote wakageuka kunitazama mimi kule juu. Nami, mtu ambaye sijawahi kukosa neno, sikufungua mdomo. Nilijua nikilitamka mimi litakuwa neno la mlimani tu. Nikamtazama katekista. Alikuwa na nyasi kwenye nywele, kwenye nyusi, anahema.

"La Mashahidi, Padri," akasema. "Ndio walioliezeka."

Padri akaingia kubadilisha mavazi, akatoka amevaa joho jekundu, rangi ya siku za mashahidi. Vigelegele vilivyopigwa pale, mama yangu akiwemo, nadhani vilisikika Igamba. Mimi nilikuwa bado juu, nimekaa kwenye mgongo wa paa, maji ya baraka yakinifikia usoni.