Spoila Niliyofunga kwa Harusi ya Wambui

Nakumbuka Jumamosi moja ambayo hadi leo ikinijia akilini mimi huinamisha uso, ingawa wengi waliokuwapo wamezeeka kama mimi. Mwanangu, jana nilikuona pale gereji ukipimia gari lako spoila kubwa, lile bawa la nyuma. Sikutaka kukusemesha mbele ya wenzako. Kaa hapa nikuambie sasa.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi Nakuru, na nilikuwa nimenunua gari la michezo la milango miwili kutoka Japani. Lilikuwa kuukuu, lakini lilishika barabara vizuri. Mimi nikaona halina sura. Dada yangu Wambui alipokaribia kuolewa, niliomba nimpeleke kanisani, kisha nikalikimbiza gari kwa fundi wa kuunda vipande vya gari kwa faiba. Akafunga nyuma spoila pana, iliyotokeza kupita buti. Mbele akatoa bampa iliyokuja na gari, akaweka nyingine yenye mdomo mkubwa ulio wazi. Ile plastiki ya kufunika chini ya injini haikuingiana na bampa mpya.

"Na hii je?" akaniuliza.

Nikamwambia aitupe. Mjini kila mtu aligeuka kutazama, nami nikavimba kichwa.

Siku ya harusi tulitoka nyumbani Gilgil kwenda kanisani upande wa Nakuru, Wambui kiti cha mbele, shela limekunjwa mapajani, Baba na wengine wakifuata kwa gari jingine. Tulipomaliza mteremko wa Kariandusi barabara ikanyooka, nikakanyaga mafuta. Nilitaka walio nyuma waone mgongo wa gari langu likiwaacha. Kadiri mwendo ulivyozidi, usukani ulizidi kuwa mwepesi mikononi mwangu. Wambui alizoea kuendesha pikapu ya Baba kupeleka viazi sokoni. Akanitazama mikono.

"Mbona unarekebisha-rekebisha hivyo? Gari inayumba."

"Ni upepo tu."

"Basi punguza, tafadhali."

Nikacheka. Nikamwambia spoila ndiyo inatushikilia chini.

Kumbe ilishikilia nyuma tu. Kwenye kona karibu na Mbaruk nilikata usukani, magurudumu ya mbele yakakataa kufuata. Gari likaenda moja kwa moja, likaruka mtaro, likasimama katikati ya mahindi ya watu. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Wambui alikuwa ameshika bega, limevunjika. Hakulia. Aliniuliza tu, "Nilikuambia upunguze. Ulikuwa unamwonyesha nani?"

Baba alifika, akamtoa polepole, akamweka kwenye gari lao apelekwe hospitali. Nilipotaka kuingia, akanizuia kwa mkono.

"Wewe tafuta lifti uende kanisani. Watu wanangoja bibi harusi. Uwaambie kwa mdomo wako kwa nini haji."

Niliingia kanisani na suti yenye matope. Watu wakasimama, wanawake wakapiga vigelegele wakidhani bibi harusi yuko nyuma yangu. Bwana harusi alitabasamu, akaangalia mlango, kisha akaniangalia mimi. Vigelegele vikafifia kimoja kimoja. Nikasema nililotumwa kusema. Mama wa bwana harusi akauliza, bila hata kupaza sauti, "Ulikuwa unakimbilia wapi, na sisi tuko hapa tunawangoja?" Bwana harusi alinipita, akaenda hospitali kumtafuta bibi harusi wake.

Harusi ilifanyika baadaye, bega lilipopona. Wambui alinisamehe. Mimi ndiye niliyekaa muda mrefu nikikwepa kukaa naye meza moja.

Niliuliza watu wanaoshindana kwa magari, wakanieleza. Spoila ile ilikaa nyuma kabisa kupita magurudumu. Upepo ulipoikandamiza, ikawa kama mtu aliyekalia ncha ya benchi, ncha ya pili ikainuka. Na huko mbele, mdomo wa bampa ulimeza upepo ukaupeleka chini ya injini, pale nilipotupa kifuniko, ukazidi kuinua pua ya gari. Mjini, kwa mwendo mdogo, huwezi kuhisi kitu. Upepo hupata nguvu gari likishakimbia.

Kwa hiyo sikukatazi kupamba gari lako. Nakuomba hivi: ukiongeza kitu nyuma, jiulize mbele kumebaki na nini. Nunua vifaa vilivyotengenezwa na kujaribiwa pamoja kwa gari la aina yako, si vile vinavyofanana tu na vya mashindano. Usitupe kifuniko ambacho hujui kazi yake. Usukani ukiwa mwepesi, punguza hapo hapo. Na aliye kando yako akisema anaogopa, mwamini, hata kama anakuharibia raha.

Mungu akujalie mikono mitulivu na moyo usiotafuta macho ya watu barabarani. Kila utakayembeba, Mungu akufikishe naye salama, mzima, akiwa na furaha aliyotoka nayo nyumbani.