Nyumba Niliyoiita Kambi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo siisahau, na nakusimulia leo kwa kuwa umepata cheti cha ukalimani na kichwa naona kimeanza kuvimba. Usininunie. Changu kilivimba zaidi.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, hapahapa Louisville. Nilikuwa sijafika arobaini, umri ambao ninyi mnauita uzee. Kati ya Warundi wote wa mtaa wetu wa Iroquois, mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza cha kueleweka, nikapata kazi ya kutafsiri hospitalini na kwenye ofisi za misaada. Nilikuwa mwepesi wa ulimi mno. Mtu hajamaliza kusema, mimi nimeshatafsiri.

Siku hiyo nilitumwa kliniki ya mashambani, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, huko kwenye mahindi na tumbaku. Basi la abiria hakuna. Huna gari, huna miguu. Nikamkuta mama mmoja Mkongomani, nimwite Domitila, mwenye watoto wawili wadogo. Mumewe alifanya kazi kiwanda cha kuku, na yeye alishinda nyumbani bila jirani hata mmoja wa kumwambia jambo. Huyo mume alikuwa akimpiga. Daktari aliziona alama, akamwita afisa wa kuwasaidia wanawake wanaopigwa majumbani, mama wa Kimarekani, mpole. Mume alikuwa amemshusha na kwenda zamu, kwa hiyo muda tulikuwa nao.

Afisa akataja shelta. Alikuwa na maana ya nyumba ya siri ya kuwahifadhi wanawake waliokimbia vipigo. Lakini mimi kule Kigoma nilikokulia ukimbizini, neno hilo tulilisikia kwa wagawaji wa maturubai na miti ya kujengea vibanda vya kambi. Basi sikuuliza wala kupumua. Nikamwambia Domitila, "Wanataka kukupeleka kambini."

Akasimama, akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo chenye Kifaransa ndani, "Mimi sirudi mu kambi, dada. Miaka kumi na munane, bon, ilitosha." Akamfunga mtoto mgongoni.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na mimi nilijua nyoka yule kwa sababu aliniuma na mimi. Nilijua palepale kwamba nimekosea, maana Marekani hii kambi ya wakimbizi iko wapi? Afisa akaniuliza amesemaje. Nikajibu, "Amekataa." Basi! Kambi sikuitaja. Niliona aibu, na niliogopa kufukuzwa kazi. Domitila akarudi kwa mumewe.

Jumamosi yake nilikuwa jikoni kanisani nikimenya ndizi za harusi na Mama Anastazia, mjane aliyekuwa kiongozi wa akina mama. Nilimweleza habari ile bila kutaja jina la mtu. Kusema kweli nilitaka anihurumie.

"Ulitumia neno gani?" akauliza.

"Kambi."

Akaweka kisu chini. "Wewe ungekwenda?"

"Hapana, mama."

"Basi hajakataa yeye. Umemkatalia wewe." Ee Mungu wangu, nilitamani ardhi ipasuke. Yeye wala hakupandisha sauti. "Mficha uchi hazai. Jumatatu mpigie huyo Mmarekani, umwambie umekosea. Wakikufukuza, viwanda vipo."

Nikapiga. Afisa akanishukuru, akanieleza nyumba yenyewe ilivyo, akapanga na kliniki wamwite tena Domitila kwa ajili ya chanjo ya mtoto. Mumewe akamleta, akamshusha na watoto wote wawili, akaenda kazini. Domitila aliingia na vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa bandeji. Vidole hivyo, mwanangu, siku ya kwanza vilikuwa vizima.

Nikamwambia, "Neno la siku ile lilikuwa kosa langu. Si kambi. Ni nyumba. Utapewa chumba chako na watoto, unafunga mwenyewe kwa ufunguo. Hakuna foleni ya mgao. Ilipo haambiwi mtu, hata mchungaji. Mtakaa hapo huku wakikusaidia kupata nyumba ya kupanga."

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniangalia mimi, hakumwangalia afisa. "Donc, kwa nini haukusema hivi ile siku?"

Sheria yetu ni kwamba kila linalosemwa chumbani hutafsiriwa. Nikaligeuza swali lile kwa Kiingereza, neno kwa neno, afisa akisikia. Kisha nikajibu kwa lugha zote mbili: nililikimbilia neno nisilolijua, na nilipojua nimekosea nikanyamaza.

Domitila akatazama mkono wake. "Twende," akasema. Gari la afisa lilikuwa nje.

Alikaa kule miezi kadhaa, wakamsaidia kupata nyumba ya vyumba viwili huko Shively, na kazi ghalani. Tukikutana dukani hunisalimu vizuri, na hapo yanaishia. Simlaumu. Vile vidole havikunyooka.

Sasa mwanangu, mwanamke wa mashambani hana basi, hana shangazi wa kumkimbilia, na pengine wewe ndiye Kiswahili cha kwanza anachokisikia mwezi mzima nje ya nyumba anamopigwa. Usipolijua neno, sema hulijui. Muulize afisa kitu chenyewe kikoje, mlango anaufunga nani, watoto watalala wapi, kisha useme hayohayo. Na ukikosea, kiri kabla yule mama hajatoka chumbani, hata kama mkubwa wako amekukodolea macho. Kuteleza si kuanguka. Mimi nilianguka pale niliponyamaza, na aliyeumia ni mwingine.

Haya, nenda kazini. Mungu aupunguze mwendo ulimi wako, akupe moyo wa kusema nimekosea, na kila mama utakayemsemea alale salama na wanawe.